Kama Bibi Sekela Amelala

Tukuyu,
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kifua chako kinaendeleaje, na je, huko Mpwapwa mvua imewakumbuka? Huku haikatiki. Nguo nazikausha juu ya moto wa jikoni, kwa hiyo ofisini nanuka moshi. Mimi ni mzima. Ushirika bado unatuhitaji, ingawa siku hizi wanunuzi binafsi wanafuata kahawa mpaka uani kwa watu, na gari geni likisimama nje sisi makarani tunatazamana.

Barua yako niliipata. Unasema nikija likizo tukae tuzungumze mahali utakapozikwa, kando ya baba au kwa ndugu zako. Niliiweka ndani ya Biblia nikashindwa kujibu. Unanijua, mama. Tangu tulipomzika baba, nikisikia habari hizo nakimbilia kusimulia kazi. Leo naweza kujibu, na sababu ni mwenye nyumba wangu, Bibi Sekela.

Siku niliyohamia kwake niliona mbao nzuri darini, juu ya kitanda changu. Nikasema, "Bibi, hizi zingetoa kabati zuri."

"Ni jeneza langu, karani. Fundi alishanipima. Kwa sasa zinabeba maharage."

Nikavuta kitanda hadi ukuta wa pili. Akacheka mpaka akashika mlango.

Mwezi uliopita akaugua homa ya mapafu, na binti yake Atupele akaja kutoka Kawetele kumuuguza. Kila asubuhi nilisimama nje ya chumba chake nikasema, "Ugonile." Ndiyo salamu ya Wanyakyusa, kama kuuliza, umelala? Akijibu "Ndaga," yaani asante, ndipo niliweza kunywa chai.

Asubuhi moja hakujibu. Niliita tena, kimya. Kufungua mlango sikuthubutu. Nikakimbia kwa jirani, Mzee Ambokile, na kwa kuwa neno lenyewe halikunitoka nikasema kama tusemavyo kanisani kwetu, "Mzee, bibi amelala."

"Mwache alale. Si mgonjwa?"

"Amelala, mzee. Amelala kabisa."

Hapo akaelewa. Akaangusha jembe, akalia kwa sauti, na majirani wakatoka. Tulipofika uani tukamkuta Bibi Sekela anatoka chooni, Atupele amemshika mkono.

"Nani amekufa?" akauliza.

Wote wakanitazama. Alipoelewa akaomba kigoda, akaketi.

"Basi vizuri, mmekuja bado nasikia. Ambokile, ng'ombe wako alikula migomba yangu, nikakusema vibaya mpaka kanisani. Nisamehe."

"Bibi, ng'ombe mwenyewe tulishamla."

"Nyama hukuniletea."

"Hilo unisamehe wewe."

Wakashikana mikono, watu wakacheka huku wakifuta machozi. Kisha akaniita karibu. "Gwe, wewe karani, kila siku unaniuliza kama nimelala, halafu nikilala unakimbia? Siku hiyo nitalala kweli. Na atakayeniamsha ni Bwana mwenyewe, ataniambia ugonile. Nami nitajibu ndaga fijo, asante sana. Maneno hayo nayajua tayari, nina neno gani jingine la kujifunza?"

Mama, nilikaa pale chini, na kwa mara ya kwanza tangu tumzike baba nilimfikiria bila kuogopa. Nilimwona amelala tu, anangoja kusalimiwa.

Kitanda nimekirudisha chini ya mbao. Bibi amepona, jana alikuwa anapukuchua mahindi. Kwa hiyo nikija, nipeleke ukanionyeshe mahali unapopataka. Nitasikiliza mpaka mwisho, sitakukatiza kwa habari za kazi. Na asubuhi yake nitasimama mlangoni kwako nikuulize kama umelala. Jibu lake sasa unalijua.

Nisalimie shangazi Merina anayekuchotea maji, na kaka Yohana, mwambie koti la mitumba alilotaka nimelipata, mkono mmoja tu ndio umefumuka. Mchungaji naye mwambie bado naimba sauti ya pili.

Bibi Sekela anakusalimu. Anauliza kama huko kwetu mbao nzuri zinapatikana.

Mwanao akupendaye,
Elia