Dua ya Asubuhi na Kalenda ya Kanisa

Jumatatu, 3 Oktoba 1994

Nimeamka, nimeswali, nimesoma dua mara saba. Ile ya kujikinga kwa Mola na wasiwasi na huzuni. Nimekata tarehe nyingine kwenye kalenda. Kifua bado kizito.

Ramadhan wangu alifariki tarehe kumi na moja Juni, alfajiri. Eda ni miezi minne na siku kumi. Nimehesabu: natoka Ijumaa tarehe ishirini na moja. Mpaka hapo ni chumba hiki cha mtaa wa Kambi Muru, nguo nyeupe, bila manukato, bila hina. Silalamiki. Alikuwa mume mwema, ingawa alikoroma.

Alhamisi, 6 Oktoba

Mama Atieno, mpangaji wangu, alikwenda Kawangware kumwona binti yangu Zamzam, ambaye ni mjamzito. Mama Atieno ni Mluo wa kanisa, anauza mitumba soko la Toi, na huomba kwa sauti kana kwamba Mungu anaishi mtaa wa pili, Lindi, na hasikii vizuri. Lakini tangu nifiwe yeye ndiye miguu yangu. Maji, mboga, habari, yote yeye. Hata kalenda ni yake, ya kanisa lao.

Anasema Zamzam amevimba miguu. Mwaka jana mwanangu alipoteza mimba ya kwanza ikiwa na miezi minane, na ilianza hivyo hivyo, kwa miguu. Naogopa. Sina neno lingine.

Jioni watoto walipiga kelele nje kwamba mwezi umeandama. Sikutoka kuutazama.

Jumapili, 9 Oktoba

Dua mara saba, kisha mara saba tena. Sioni nafuu. Nimemkasirikia Ramadhan kwa kufa. Nimeomba msamaha. Nimeunguza maharagwe.

Jumatano, 12 Oktoba

Mkwe wangu Idrisa amekuja. Presha ya Zamzam imepanda. Jumanne ijayo, tarehe kumi na nane, watampasua wamtoe mtoto. Zamzam anataka mama yake alale naye usiku wa kabla, na abaki naye mpaka apone. Anasema mchana anajikaza, usiku ndipo woga unamjia.

Mchana naruhusiwa kutoka kwa jambo la lazima. Kulala nje ya nyumba kabla eda haijaisha, hapana. Siku tatu tu zinanikosesha. Idrisa hakunilaumu, na hilo ndilo limeniuma zaidi. Alipoondoka nililia mpaka leso ikalowa.

Ijumaa, 14 Oktoba

Nilianza kufikiri kwamba labda naisoma dua vibaya. Nilifundishwa nikiwa mtoto, pengine ulimi ulishika makosa. Nimemwomba Mama Atieno aniitie Mwalimu Halima, anayefundisha wasichana madrasa. Amekuja baada ya Ijumaa kuswaliwa.

Nimemsomea. Amesema nasoma sawasawa. Akanieleza kwamba wasiwasi ni wa kesho na huzuni ni ya jana, na dua hii imebeba yote mawili kwa sababu binadamu hupatwa na yote mawili pamoja. Nikamwambia jana yangu ni Ramadhan na kesho yangu ni Zamzam, na mimi niko hapa katikati, siwezi kutoka mpaka Kenyatta Day, tarehe ishirini, ipite. Akageuka, akaitazama kalenda na mikato yangu.

"Nani alikwambia eda inahesabiwa kwa Juni na Julai?"

 Miaka yote nafunga kwa mwezi, nafungua kwa mwezi, na eda ya mume wangu nimeihesabu kwa karatasi ya kanisa. Mwalimu akahesabu kwa vidole. Ramadhan alifariki siku ya kwanza ya Muharram. Mwezi ulioandama Alhamisi ya wiki jana, ule niliokataa kuutazama, ndio uliotimiza miezi minne. Siku kumi zinaisha Jumapili, jua likitua.

Mama Atieno alikuwa amesimama mlangoni. "Mama Zamzam, mimi hiyo kalenda nilikupea ujue leo ni siku gani. Si ya kumalizia bwana yako eda."

Tulicheka wote watatu. Sikuwa nimecheka tangu Juni. Nikaona haya, halafu nikacheka tena.

Jumatatu, 17 Oktoba

Nimeoga. Nimekunja nguo nyeupe, nimevaa gauni la kijani. Mlangoni nilisita. Nilidhani nikivuka namwacha Ramadhan ndani. Mama Atieno akanisukuma mgongoni, si polepole.

Jua kali. Soko la Toi limeniumiza macho kwa rangi. Kijana mmoja wa viatu ameniita, "Sasa mathe, umepotea sana." Nimemwambia nimepatikana.

Kawangware, Zamzam aliponiona alinishika tu. Alasiri alilala, mkono wangu kichwani mwake. Nimesoma dua polepole. Nikasikia anaifuatisha, kumbe hajalala.

Jumanne, 18 Oktoba

Benchi la hospitali. Idrisa anatembea huku na huku, ananizungusha kichwa. Nimesoma bila kuhesabu. Saa tano wametuita.

Msichana. Analia kwa nguvu. Zamzam mzima, presha inashuka. Alhamdulillahi. Siandiki zaidi, naitwa nimpakate.

Ijumaa, 21 Oktoba

Leo ndiyo siku ningetoka.

Zamzam ameruhusiwa kutoka hospitali asubuhi. Nimechemsha maji, nimepika uji, nimemwogesha mtoto. Adhuhuri ndipo nilipokumbuka kwamba sikusoma dua. Tangu Juni sijaikosa hata asubuhi moja. Leo nimeisahau, na kifua hakikunikumbusha.

Nimekaa nimeisoma mara moja, mtoto akiwa mapajani, isije ikaonekana niliitaka wakati wa shida tu. Pua yake ni ya Ramadhan. Imeniuma kuandika hivyo, lakini kidogo. Kisha nimetoka kuanika nepi.