Vitambaa Alivyovianua Bibi

Nyumbani kwetu,
Ghorofa ya juu, nyuma ya kiwanda.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini mgongo wako umepona na baridi ya huko imepungua. Sisi ni wazima wa mwili. Bibi bado anapanda ngazi bila kushikwa, na masomo yangu yanaendelea vizuri, isipokuwa hesabu.

Mjomba, dada yako anataka kuacha kazi.

Unajua alivyohangaika na kitambaa chake cha nyuzi za mgomba, kinachotiwa rangi ya magome badala ya zile dawa zinazochafua mto. Alisomea hayo mpaka akaitwa daktari, na tangu nipate akili sijamwona akishughulika na kitu kingine. Mwaka jana kiwanda kilikubali kukitumia kushona mapazia ya maktaba kubwa. Wiki chache tu, mapazia yakapauka kama matambara ya kupigia deki. Sasa msimamizi akimwona mlangoni humwuliza mbele ya watu, "Daktari, mapazia yako yanaumwa nini?" Wanacheka wote. Mama hucheka nao, halafu akifika nyumbani chakula hakipiti.

Hakuelewa alikosea wapi. Taa ya kupimia kama rangi inastahimili jua iliharibika kiwandani, kwa hiyo alivianika vitambaa vya majaribio juu ya paa letu kiangazi kizima, na havikufifia hata kidogo. Aliandika hivyo kwenye ripoti, akatia sahihi.

Juzi tukiwa mezani, Bibi alitaka kumfariji. Akasema, "Hao hawajui kutunza vitu! Mimi vile vyako vya juu nilikuwa navianua jua likianza kuuma, nakunja vizuri, likipoa navirudisha. Si uliona vilivyopendeza?"

Mama aliweka kijiko chini. Nilidhani atafoka. Alisema tu, "Asante, mama," akaenda chumbani.

Nilimfuata. Alikuwa amekaa kitandani na viatu miguuni. Alinikataza kumweleza Bibi kwamba vitambaa vile vilipaswa kubaki juani kutwa, maana Bibi hatalala tena kwa majuto. Kiwandani nako hatasema, kwa sababu hawezi kumtoa mama yake achekwe na watu wale. Wameshaagiza uzi wa plastiki, na mwisho wa mwezi atakabidhi ufunguo wa maabara.

Nilimwambia anaweza kusema tu kwamba vitambaa vilianuliwa, asimtaje mtu, kisha aombe rangi ipimwe upya. Akajibu, "Mwanangu, haya ni mambo ya watu wazima." Labda ni kweli. Lakini nilikwenda maktaba kuyatazama yale mapazia, nikayashika moja moja. Hakuna uzi hata mmoja uliokatika, Mjomba. Ni rangi tu iliyoshindwa.

Mimi hanisikilizi. Wewe ni kaka yake, na Bibi ni mama yenu nyote wawili. Tafadhali mpigie simu kabla mwezi haujaisha. Akikwambia amechoka tu, usikubali akate.

Msalimie sana mkaza mjomba, pamoja na mwanenu mdogo tunayemwita Bosi. Bibi anawasalimu wote na hajui kwamba nimeandika haya.

Mungu akulinde huko uliko, na akupe maneno ya kumwambia dada yako, kwa kuwa mimi yangu yamekwisha.

Mpwa wako anayekupenda na kukutegemea,

Kifungo