Profesa Alisema Wamebaki Sifuri, Nami Nilikuwa Safu ya Tisa

Shangazi mshauri,

Dada yangu alifariki mwezi wa tatu mwaka jana, siku ya Jumanne, na tangu Jumanne hiyo sijatamka hata sentensi moja ya lugha ya mama yetu, kwa sababu hakuna wa kunijibu. Naomba unisaidie, maana hili sijui nilishike wapi.

Mimi ni fundi wa mapazia. Nilianza na cherehani moja ya kuazima, leo ninazo kumi na moja, sikubebwa na mtu, kwa hiyo usinidhanie mtu wa kulia ovyo. Mwezi mmoja na kidogo uliopita nilikwenda chuo kikuu kupima madirisha ya ukumbi, madirisha kumi na manne, nikaona tangazo mlangoni kwamba kila Alhamisi saa kumi jioni kuna mhadhara wa isimu, yaani elimu ya lugha, kwa mtu yeyote, bure, nikasema ngoja niingie, nyumbani namkimbilia nani? Nikahudhuria minne mfululizo. Mzee jirani yangu wa kiti, dereva mstaafu, akaninong'oneza, "Mama, unaelewa?" Nikamwambia, "Nusu." Akasema, "Basi wewe ndiye profesa, mimi nafuata kiti tu." Hapo nilicheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Alhamisi iliyopita, mhadhara wa tano, profesa akazungumzia lugha zinazokufa, akawasha spika, na Shangazi, ikatoka sauti ya dada yangu, iliyorekodiwa nyumbani kwangu miaka sita iliyopita. Anasimulia habari ya mbuzi aliyeingia darasani. Anasema sentensi ya kwanza, halafu kimya. Nilihesabu sekunde kumi na mbili. Profesa akasema, "Sikieni kimya hiki. Mzungumzaji wa mwisho alikuwa ameanza kusahau. Leo wamebaki sifuri." Watu mia mbili wakaandika sifuri, na mimi nimekaa pale pale safu ya tisa.

Dada hakusahau kitu. Kwetu msimulizi akimaliza sentensi, msikilizaji anaitika, asipoitika habari haiendi mbele, ndivyo mama alivyotulea. Alikuwa ananingoja mimi. Nilikuwa chumba cha pili nakata kitambaa, nilimsikia, sikuitika, kwa sababu dakika kumi kabla ya hapo watafiti waliniuliza, "Na wewe mama, unaijua?" nikajibu, "Mimi? Hata neno." Shuleni walinicheka kwa lugha ile mpaka nikaapa kwamba mgeni hataisikia tena kinywani mwangu. Walipoondoka, dada alisema tu, "Kumbe miaka yote naongea na ukuta," akaenda kuosha vyombo. Hatukuligusa tena jambo hilo mpaka nikamzika.

Nimebaki na binti yake, muuguzi mji mwingine, hunipigia kila Jumapili dakika tatu. "Mama mdogo, umekula?" "Nimekula." Basi. Yeye tulimlea kwa Kiswahili asije akachekwa kama mimi, lugha yetu tuliitumia tulipotaka asielewe mambo ya wakubwa.

Alhamisi ijayo ni mhadhara wa mwisho. Nikisimama, watu mia mbili watajua mimi ni mwongo. Nikikaa, dada yangu anabaki msahaulifu milele. Nisimame au nikae? Usinijibu kwamba inategemea.

Fundi Mapazia

JIBU

Fundi, pole sana. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Profesa hakukuonea. Watafiti walikuja nyumbani kwako, wakahesabu, nawe ukawapa hesabu ya uongo, naye akaisoma kama ilivyo. Mteja akikupa vipimo vya uongo, pazia likipwaya utajilaumu wewe? Usimsimamishe ukumbini kama uliyedhulumiwa. Lakini kukaa kimya nako nakukataza, maana kimya chako cha kwanza kimeshamgharimu dada yako jina lake.

Alhamisi nenda saa tisa, ofisini kwake, mlango ukiwa umefungwa. Sema mambo matatu: nilidanganya, dada alikuwa anangoja kuitikiwa, na mimi naijua. Usijieleze kwa kirefu. Kisha mwambie alirekebishe yeye mwenyewe saa kumi, mbele ya watu wale wale. Msomi wa kweli atafurahi kuliko unavyodhani. Akikataa, hapo simama, na usimame wima. Aibu ya mwongo aliyesema kweli haimalizi wiki.

Limebaki moja, na hili limenikera kuliko yote. Wewe mwenye hesabu za madirisha, safu na sekunde, umesema hakuna wa kukujibu. Umemhesabu binti wa dada yako? Amekulia nyumba hiyo hiyo. Ni mtoto gani uliyemjua wewe ambaye wakubwa waligeuza lugha ili asisikie, naye asitege sikio? Mimi kwetu nilijifunza hivyo hivyo, nikiwa chini ya meza. Umeona mtoto hasemi, ukaandika sifuri, kama profesa wako. Pengine naye Jumapili anakata simu baada ya dakika tatu akidhani kuna mlango asioruhusiwa kuugonga.

Usingoje Jumapili. Mpigie leo akitoka zamu. Akiuliza kama umekula, mjibu kwa lugha ya mama yake, halafu nyamaza, hata zikifika sekunde kumi na mbili, hata ishirini. Usimtafsirie.

Kisha niandikie. Ameitika au hakuitika? Nataka neno moja, na nalitaka kabla ya Jumatano saa sita mchana, ili Alhamisi umpelekee profesa hesabu sahihi.