Chujio Langu Lilimtupa Babu Darubini

Mpendwa Shangazi, shikamoo, naomba msaada maana aibu hii nimeshindwa kuibeba peke yangu. Mimi ni fundi saa, mwanamke wa miaka thelathini na minne, na ndiye msimamizi wa kundi letu la barua pepe la mafundi saa, watu kama mia mbili ambao wengi hatujawahi kuonana, lakini mtu akikwama na springi anaandika, na chai yake haijapoa ameshajibiwa. Kundi hilo limenilea, Shangazi. Miaka tisa iliyopita, nikiwa bado najifunza, niliharibu saa ya mteja, nikakimbilia duka la intaneti nikaandika kwa anwani ya kuazima, herufi kubwa tupu, bila hata salamu: HARAKA SAA YA MTEJA IMENIFIA MKONONI NISAIDIENI, na mzee mmoja tunayemwita Babu Darubini akanielekeza hatua kwa hatua, akamalizia, "Pole mwanangu, hata mimi niliua nyingi." Barua yake niliichapisha, nimeibandika ukutani juu ya meza yangu ya kazi mpaka leo.

Sasa mwaka huu barua taka zikatuzidi, madaktari wa uongo, bahati nasibu, warembo wanaotaka niwaoe mimi mwanamke mwenzao, na muuza betri mmoja wa kundini akanifokea kwamba nisipofanya kitu anajitoa na wenzake, basi nikaweka chujio: anwani isiyojulikana, tupa, herufi kubwa, tupa, neno bure au zawadi au haraka, tupa. Kukawa kimya, raha mustarehe, wakanisifu nami nikavimba kichwa.

Alhamisi iliyopita nikafungua kapu la taka ili nilifute, nikakuta barua tatu za Babu Darubini. Alisahau neno lake la siri, akatumia anwani ya mjukuu. Ya kwanza ina wiki tatu: "NATOA BURE vifaa vyangu vyote. Mikono inatetemeka, na mwisho wa mwezi nahamia kwa binti yangu. Jibuni haraka." Ya pili anauliza kama tuko salama. Ya tatu: "Sawa wanangu. Asanteni kwa miaka yote. Niondoeni kwenye orodha."

Shangazi, nililia mpaka mteja akadhani nimefiwa. Nizipitishe barua zake kimyakimya, niseme mtambo ulikuwa na hitilafu? Na nikilegeza chujio, muuza betri si atanila mbichi?

Fundi Mwenye Aibu

*

Marahaba mwanangu, na pole. Machozi hayo ni ya mtu mwenye shukrani, nami nakupenda kwa hilo. Lakini eti mtambo ulikuwa na hitilafu? Thubutu! Mtambo ulifanya ulichouagiza. Wewe ndiye uliyetupa barua za watu wiki tatu nzima bila kuchungulia hata moja.

Kuzuia matapeli si kosa, kundi lililojaa takataka watu hulikimbia. Kosa ni kuweka mlinzi asiye na macho. Barua yenye shaka isitupwe, iwekwe kando, na mtu aisome kila asubuhi. Akiwa tapeli, futa na umfungie. Akiwa binadamu mwenye shida, mpitishe hata kama anapiga kelele. Na kila anayezuiwa ajulishwe, apewe na namba yako ya simu. Muuza betri mpe zamu ya kuzisoma Jumatatu na Alhamisi, tuone kama atabaki na pumzi ya kufoka.

Kuhusu Babu, barua pepe haitoshi. Liambie kundi ukweli leo, kwa jina lako, kisha mwulize mjukuu kwa anwani ile Babu anakaa wapi, funga duka uende kwake kabla hajahama. Mwambie kwa mdomo wako kwamba wenzake hawakumsusa, ni wewe uliyemzuia. Mzee aliyewashukuru watu aliodhani wamemtupa hatakufukuza mlangoni.

Na bandua ile barua ukutani uende nayo. Umeniandikia kwa furaha jinsi ulivyoingia kundini, ila naona hukujisoma vizuri: anwani ya kuazima, herufi kubwa, neno haraka. Chujio lako lingekutupa wewe wa kwanza, na Babu Darubini asingejua kama umewahi kuomba msaada. Hilo nalo mwambie, halafu umsaidie kufunga vifaa.

Shangazi yako