«Mise» haiko misa

Papa Estelle,

Bukari nilifunika mu sahani, samaki ya Pweto iko mu nyungu. Usiguse dekoda.

Tangu tuliacha kulipa abonnement ya satellite na kuweka antena, tunabishana juu ya hii mise à jour, ile ya kutia dekoda programu ya mupya. Miye nilisema ingoje, itafuta byote byenye tulirekodi. Weye ulisema tuifanye. Bon, umeshinda.

Asubuhi ku télé ilitokea: «Mise à jour. OK?» Mama yako alisoma «misa ya leo». Alifinya OK, akakamata rozari, akaikala kuangalia ule mustari wa buluu mupaka ujae, cent pour cent. Akasema amina.

Byote bimefutika. Match yako, na ile misa ya jubilé kwenye marehemu baba yako Paulin iko anaimba mu chorale, ile mama anaangalia kila siku.

~~Umuelezee pole pole.~~ Usimuambie kitu. Umupe chai, bila sukari.

Niko ku soko ya Kampemba mupaka saa kumi.

Mama yako hakulia. Aliniuliza tu: «Leo Paulin hakuimba?»

Mama Estelle