Mtumbwi wa Rehema

Jumatatu, 3 Juni
Nimepukuchua mahindi mpaka adhuhuri. Baridi. Mama Daudi magoti yanamsumbua, kabaki ndani. Rehema, mke wa marehemu mwanangu Daudi, kapiga goti mbali, akaamkia. Halafu hakuondoka. Anataka mtumbwi. Atatega nyavu za mumewe bwawani.

Daudi alizama Februari, bwawa hilohilo, upepo wa mvua. Mtumbwi wake ulikuwa mwembamba, mwepesi. Aliuringia.

Nimekasirika. Kisha nikaona aibu. Wale wajukuu wawili watakula nini?

Jumatano, 5 Juni
Rehema hajawahi kushika kasia. Kazaliwa Lusu, kwenye mashamba. Maji anayoyajua ni ya kisima. Kampa Mama Daudi simu aniletee nione picha. Kayaki. Vijitumbwi vya plastiki, rangi ya chungwa, mtu kakaa ndani kama mtoto wa mgongoni. Nimekataa. Kikipasuka huku nani atakiziba? Mtumbwi wa mninga unazibwa kwa pamba na lami.

Mimi nimekulia ukingoni mwa mto Ugalla. Baba alinivusha kwa mtumbwi kwenda kwenye mizinga ya nyuki. Najua mambo haya. Sitaki kuyajua.

Mama Daudi kasema nisipokwenda na Rehema kununua, atakwenda peke yake. Kweli. Na atauziwa mwembamba.

Ijumaa, 7 Juni
Bwawani. Mara ya kwanza tangu msiba. Nilitazama tope, si maji. Rehema nyuma yangu, mbali, kama inavyopasa. Kwetu baba mkwe hakai mkeka mmoja na mkamwana, wala hamshiki mkono.

Muuza mitumbwi ni Chilongani, Mgogo, mtani wetu. Alianza hata hatujafika.

"Mnyamwezi! Umekuja kununua au kubeba? Babu zako walibeba pembe mpaka pwani, wewe mtumbwi utakushinda?"

"Nyamaza, Mgogo. Kwenu mtumbwi ni hori la ng'ombe."

Rehema kaficha uso kwenye kanga. Alikuwa anacheka. Nilikuwa nimesahau kicheko chake.

Chilongani ndiye aliyejilaza kaburini siku ya kumzika Daudi, kama watani wafanyavyo msibani, akagoma kutoka mpaka apewe kuku. Nilitaka kumpiga. Baadaye nikaona ndiye aliyenifanya nipumue.

Ana mitumbwi miwili. Mmoja mrefu, mwembamba, umepakwa mafuta. Mwingine mfupi, mpana, una kiraka nyuma. Rehema kaenda moja kwa moja kwenye mwembamba. Najua kwa nini. Unafanana na ule.

Tumeijaza yote maji, tumeiacha. Ufa hujionyesha kwa nje.

Jumamosi, 8 Juni
Mwembamba mkavu kabisa. Wa kiraka umetoka jasho kidogo, mbao ikavimba, ukaacha. Rehema bado anautaka mwembamba. Nikasema basi ajaribu.

Siwezi kupanda naye. Nilisimama ukingoni nikipiga kelele kama mchunga ng'ombe. Kaa chini kabisa. Nyoosha miguu. Usiegemee ukingo. Alifanya vizuri. Akasogea, akasogea tena. Kisha akageuka kunitazama, kama nimeona.

Ukapinduka.

Kanga ikaelea. Kichwa sikukiona. Sikumbuki kuingia. Nakumbuka kifundo cha mkono wake. Maji yalinifika kifuani tu. Kifuani tu, na alikuwa anakufa.

Alikohoa, akasimama. Sikumwachia upesi. Chilongani aligeuza uso. Hakutania.

Jumapili, 9 Juni
Sikwenda kanisani. Rehema hakuja kuamkia. Mama Daudi anasema wazee watasema. Waseme.

Mkono wa Rehema ulikuwa baridi. Wa Daudi sikuushika. Siku ile nilikuwa mjini, mtaa wa Ng'ambo, natafuta tairi la baiskeli. Niliporudi walikwisha kumfunga sanda. Utotoni alikuwa akilala na kidole changu mkononi, nikikichomoa anaamka.

Sina nguvu ya kuandika zaidi.

Jumanne, 11 Juni
Rehema kaja. Kasimama penye kuni.

"Baba, nichukue upi?"

"Mpana."

"Mzito huo."

"Ndiyo. Utachoka, utarudi mapema."

Akageukia kuni. Nilidhani analia. Kisha akasema sawa, mpana.

Tumekwenda. Kabla hajauchukua nimemwambia aupindue makusudi, karibu na ukingo, apande tena. Aupindue tena. Asubuhi nzima. Akina mama waliokuwa wakifua wamemcheka mpaka wakaacha nguo.

"Mnanunua mtumbwi au mnabatiza?" Chilongani kapaza sauti. "Wamoravian nyie, mbatizeni na mkwe!"

Mara ya mwisho alipanda bila kushika ukingo kwa pupa. Nikaridhika. Hofu haijaondoka.

Alhamisi, 20 Juni
Rehema katoka alfajiri kwenda bwawani, kasia begani. "Shikamoo, baba," kutoka nyuma ya jiko, mbali, kama zamani. Marahaba.

Sikumfuata. Jana kamtuma Mama Daudi aniambie, kwa adabu, nisisimame ukingoni. Nikisimama pale anageuka kunitazama.

Nimekaa uani. Upepo ulianza kabla jua halijapanda. Si mkali. Mama Daudi kaniletea uji, ukapoa.

Jua lilipofika juu ya paa nikasikia kasia likiegemezwa ukutani. Miguu mitupu tu, mlango, na watoto wakiitana.

Nimeunywa uji, baridi hivyohivyo.