Kura za Karanga Hapa Chapwa

Chapwa, Tunduma

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta una nguvu, na lile goti limeacha kukuamsha alfajiri. Sisi tu wazima. Baridi ipo, vumbi lipo, na malori yako kwenye foleni ya mpaka kama ulivyoyaacha. Mengine nadhani ni yaleyale. Mimi ndiye ninayeshona maturubai yake, kwa hiyo ukisikia foleni imefupika, niombee.

Uliuliza kwa nini nimekuwa kimya. Tulikuwa na wageni. Mkutano mkuu wa taifa wa Kanisa la Kipresbiteri, hili la wakwe zangu, ulifanyika hapahapa Chapwa. Wapresbiteri hawana askofu, Mama. Wana mikutano. Kila jambo linaamuliwa kwa kura za wachungaji na wazee wa kanisa, na mzee mwenye shamba la kahawa Mbozi ana kura moja sawa na mchungaji mwenye vitabu chumba kizima.

Jambo kubwa safari hii lilikuwa Mwinjilisti Atupele. Unamfahamu, ndiye aliyekuombea ulipokuja kututembelea. Miaka tisa anahubiri, anazika, anapatanisha wanandoa, lakini kubatiza na kuongoza meza ya Bwana haruhusiwi. Hiyo ni kazi ya mchungaji, na kanisa hili halijawahi kumwekea mwanamke mikono kuwa mchungaji. Mchungaji wetu anatoka Isongole, na mvua zikianza barabara inamshikilia hukohuko. Watoto wanabatizwa wakiwa wameshaanza kutembea wenyewe. Basi ikaletwa hoja: wanawake nao wawekewe mikono, aanze Atupele.

Mimi nilipewa kusimamia ukumbi. Wazee wa milima ya Ileje hawapendi karatasi. Wanapiga kura kwa punje, unatumbukiza kwenye mfuko wa kitambaa bila mtu kuona. Harage ni ndiyo, hindi ni hapana. Asubuhi nakwenda jikoni, naambiwa maharage yote yako motoni. Nikajiona mwerevu, nikaomba karanga za akina mama. Karanga iwe ndiyo. Kila mjumbe nikampa karanga moja na hindi moja kabla ya ibada ya kufungua, ili baadaye tusipoteze muda.

Mama, zilikuwa za kukaanga.

Ibada ikawa ndefu. Zikaja hoja, na hoja juu ya hoja, chakula cha mchana kikasogezwa mbele. Saa tisa ndipo mfuko ukapita. Katibu akahesabu, mwenyekiti akasoma: hoja imeanguka. Atupele alijifunga kitenge, akaenda jikoni kuosha masufuria.

Mimi nikapita kugawa maji, na chini ya viti nikaona maganda membamba mekundu ya karanga. Hapa, pale, hata mstari wa mbele walikoketi wachungaji. Nikamnong'oneza katibu alinganishe kura na watu. Watu walikuwa wengi kuliko kura.

Nikasimama. "Mwenyekiti, kosa ni langu. Nadhani ndiyo nyingi zimeliwa."

Mzee Mwashitete, mkulima wa kahawa, akanyanyuka taratibu. "Yangu niliila kwenye mahubiri. Nilidhani ni ukarimu wa wenyeji."

"Na mfuko ulipokufikia ulitia nini?" mwenyekiti akamuuliza.

"Nilitia mkono mtupu, Baba Mchungaji. Ningefanyaje, na watu wananitazama?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Wengine wakainua mikono kukiri. Mchungaji mmoja aliinua wake nusu.

Mwenyekiti akaamuru kura irudiwe kwa miguu, wanaokubali waende upande wa madirisha. "Miguu hamtaila," akasema. Watu wakahama, wakahama, mpaka upande ule ukabana. Hoja ikapita! Nikakimbia jikoni kumwambia Atupele. Akaendelea kusugua sufuria lilelile, machozi yakimtoka. "Baba Neema," akasema, "umenizeesha."

Sasa yanazungumzwa mengi. Wanataka kufungua chuo cha Biblia Chitete, na wasichana watatu wa hapa wameshaanza kuulizia fomu. Barabara ya Chitete wewe huijui, mshukuru Mungu. Ila mtu anayeulizia fomu na barabara ile anaijua, huyo ana wito.

Wakati wa kutawanyika, Mzee Sichone, ambaye hakusogea kwenda madirishani hata hatua moja, alimsubiri Atupele mlangoni.

"Mimi nimekataa, na sijabadilika."

"Najua, mzee wangu."

"Mjukuu wangu ana mwaka na nusu, hajabatizwa."

"Na hilo nalijua."

Akaigeuza kofia yake mkononi, akatazama pembeni. "Sasa hiyo mikono unawekewa lini?"

Ni baada ya mavuno, Mama. Jipange uje.

Nisalimie kaka Mkumbo anayekulimia, mama mdogo Nalogwa wa kwaya, na shangazi yule asiyekubali kwamba nimeokoka. Mjukuu wako Neema anasema bibi yake aje na mafuta ya alizeti.

Ni mimi mwanao ninayekuwaza,
Elia